Sura ya Saba: Si Jina Lake

Siku ishirini na moja zilikuwa zimepita tangu Kambale Sadrack auawe, na Ananie Kitsa alikuwa bado hajasikia kitu. Si huzuni wala hasira. Alilala vizuri, alikula bukari na sombe akashiba, akaamka na kwenda kazini. Hakuajiriwa kumlilia marehemu. Inspekta wa polisi kama yeye, aliyeazimwa na Tume ya Magazeti kwa wiki mbili, alitakiwa kujibu swali moja tu: gazeti la Kengele lilimtaja Kambale kwa kusudi, au halikumtaja?

Tume ilikuwa inakaa mbele ya watu katika ukumbi wa parokia, Butembo, mashariki mwa Kongo. Makanisa na wafanyabiashara ndio waliowabana wakubwa wa Beni, waliotawala eneo lile, mpaka wakaiunda, kwa maana mwaka huo wa 2001 hakuna aliyekuwa akiwabana wakubwa wa Beni akabaki na meno yake isipokuwa hao. Chanzo cha yote kilikuwa ukurasa wa kwanza wa Kengele namba 31. Uliandika kwamba askari wa brigedi pale Mbau hunyang'anya debe moja la mawese katika kila matatu, na ukaweka maneno hayo kinywani mwa "Kambale, muuza mawese wa kando ya barabara". Gazeti lilifika Mbau Jumanne. Jumatano saa nne asubuhi askari walimchukua Kambale Sadrack kwenye meza yake ya mawese. Alhamisi alikutwa ndani ya shamba la kahawa, na ukurasa ule umekunjwa vizuri katika mfuko wa shati lake. Naye hakujua kusoma.

Jumamosi adhuhuri tume ingefunga. Kama gazeti lilimtaja kwa kusudi, mhariri wake, Jéthro Mathe, angepelekwa Beni kushitakiwa, na waliopelekwa Beni siku hizo hawakurudi kusimulia. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Nilitia nyota," Jéthro alisema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa maana kasho, chumba kile cha mahabusu, haikuwa na kiti. "Juu ya jina. Na chini kabisa ya page, niliandika: Si jina lake. Maneno tatu, Inspecteur. Batu bote ba Butembo baliisoma."

"Ile balikuta kwa mufuko ya marehemu haiko na hayo maneno."

"Basi kuko mutu aliyatosha, aliyafuta."

"Namna gani mutu anatosha maneno kwa karatasi?"

"Weye njo mupelelezi."

Ananie alifungua nakala yake. Haikuwa ukurasa wenyewe, ilikuwa fotokopi. Ukurasa wenyewe ulifungiwa katika mtoto wa meza ya rais wa tume. Mashine ya fotokopi ya Butembo ilikuwa nzee na ilifanya kila kitu kuwa cheusi. Juu ya neno Kambale kulikuwa na kidoa. Kingeweza kuwa nyota, kingeweza kuwa kinyesi cha nzi. Chini ya ukurasa hapakuwa na maneno yoyote, ila duara jeusi la muhuri.

"Juu ya nini ulichagua Kambale?"

Jéthro alimtazama kama anayeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Juu Kambale hapana mutu, Inspecteur. Kambale ni bote. Tupa jiwe ku marché, utapiga ba Kambale tatu na muke wa mumoja. Nilifikiri, nikimuita Kambale, ni sawa sikumuita jina."

Hapo hakusema uongo. Kwa Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, wazazi wapende wasipende, na nyumba yenye wavulana wawili ina Kambale wake. Ananie alikuwa na kaka Kambale, shemeji Kambale, na mwalimu aliyemchapa kwa sababu ya hesabu za kugawanya alikuwa Kambale pia. Mtu anayetaka kuficha jina angefikiria wapi kwingine?

"Ulifika Mbau?"

"Hapana. Yule mutu alinikuta hapa, ku Butembo."

"Donc hukujua kama kule kuko Kambale mwenye anauzisha mawese."

Jéthro aliinamisha kichwa. "Hapana. Sikujua."

"Nani alikuambia ile habari?"

"Siwezi kusema."

"Ukisema, yee anakuja mbele ya tume, anashuhudia, na unatoka."

"Nikisema, Inspecteur, kisha siku mbili utaenda kuokota mwengine mu kahawa." Akaukunja mkono wa sweta lake, akaukunjua. "Jina nimeisha kosea mara moja."

Ananie aliandika: *Anakataa kutaja chanzo chake.* Akafunga daftari, akamwagiza mlinzi ampe mtu huyo kiti.

Kengele ilichapwa katika chumba nyuma ya duka la misumari, kwa mashine ya ronéo ya kuzungushwa kwa mkono. Séphora, mpiga taipu, ndiye aliyekuwa akiilinda sasa. Alikuwa mwanamke mnene wa kanisa la Kibaptisti, na hakumkaribisha mgeni wake kukaa.

Njiani Ananie alikuwa amelipanga wazo lake. Jéthro alikuwa na nakala za Butembo zenye maneno matatu chini. Yeye alikuwa na ya Mbau isiyo nayo. Jibu rahisi lilikuwa kwamba mhariri, aliposikia mauti, alikimbia akachapa nakala nyingine zenye nyota na maneno, akazitawanya mjini ili ajiokoe. Ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili na woga angelifanya.

"Unafikiri tulipiga ingine kisha mauti," Séphora alisema kabla hajaulizwa.

"Nafikiri nini, mama, haina mambo. Stencil ya namba makumi tatu na moja iko?"

Ilikuwapo, imetundikwa msumarini pamoja na dada zake. Stencil ni karatasi laini ya nta. Herufi za taipu huitoboa, na wino hupita katika vitobo. Ukikosea unapaka vernis nyekundu, unapiga tena juu yake, na ile nyekundu haifichiki. Ananie aliishika ya ukurasa wa kwanza mbele ya dirisha. Ukungu wa asubuhi ulikuwa unaondoka mlimani, na mwanga ulitosha. Nyota ilikuwepo, na chini kabisa maneno matatu. Hakuona vernis popote.

Lakini stencil nzima nayo yaweza kupigwa upya. Akasogeza uso karibu. Herufi *e* ya ukurasa ule ilikuwa mbovu: tumbo lake limeziba, imetoboa nusu tu. Ilikuwa hivyo katika kichwa cha habari, hivyo katikati, hivyo katika *lake* ya mwisho. Akachukua stencil ya namba 32. Kila *e* ilikuwa safi.

"Hii e ilipona lini?"

"Siku ile ile niliisha kupiga makumi tatu na moja. Niliitosha buchafu na pini, kwa mashine nzima. Jéthro alinisumbua juu ya hiyo e wiki tatu." Akaelewa alichokwisha kukisema. "Mbele ya gazeti kufika Mbau, Inspecteur. Kambale alikuwa angali mzima."

Basi wazo rahisi lilikufa hapo. Maneno matatu yalitoka Butembo yakiwa mazima.

"Za Beni na Mbau zinapita wapi?"

"Unaniuliza miye?" Séphora alicheka kwa pua. "Si ni kwenu? Ku Bureau ya Information, kila moja ipigwe cachet, ndiyo ipite barrière. Hapa Butembo batajiri balikataa. Beni balikubali. Ni weye unajua."

Alijua. Karani wa Ofisi ya Habari ya Beni alipokimbilia Kasindi, Ananie na mwenzake mmoja waliwekwa pale kushika zamu, miezi miwili na nusu, mpaka tume ilipoundwa. Kanuni ilikuwa fupi na ilibandikwa ukutani: muhuri chini, katikati, kila nakala, na saini fupi pembeni. Hakuna mtu aliyewahi kuvuta mkasi pale, wala kufuta mstari wa mtu. Kazi ilikuwa kugonga.

"Basi ni brigedi," alisema Maître Kasonia mchana ule. Alikuwa wakili, rais wa tume, mtu wa suti moja iliyopigwa pasi vizuri. "Walichapa page yao wenyewe, bila nyota, wakaitia kwa mufuko. Ukinipatia ile, Ananie, nitalala vizuri."

"Siwezi kusema bila kuona page yenyewe. Na bibi ya marehemu hajaitambua bado. Sheria inataka familia itambue."

Kasonia alifungua mtoto wa meza, akamkabidhi ukurasa ndani ya plastiki, akamtaka asaini. "Mukubwa wa brigedi atakuwa mu salle ya parokia Jumamosi. Unielewe. Nataka kitu ya kushika mukono, hapana maneno."

Ijumaa asubuhi Ananie alishuka Beni kwa pikipiki, akavua sweta kwa joto, akaendelea barabara ya Oicha mpaka Mbau. Matope yalikuwa yamekauka kwa mawimbi, na kila wimbi lilimpiga mgongoni. Kwenye kizuizi askari wawili walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma. Walisoma karatasi yake ya ruhusa wakiwa wameishika juu chini, wakampisha.

Godelive, mjane, alikuwa kwenye meza ya mumewe. Chupa za mawese zilipangwa kwa urefu, jinsi marehemu alivyozoea kuzipanga. Meza ya pili, hatua nne kutoka hapo, mwanamke mwingine alikuwa anamimina mafuta kutoka katika bido la manjano. Alipomwona mgeni mwenye karatasi, akainama juu ya bido lake.

"Wavukire, mama."

"Wavukire." Godelive alimtazama viatu, kisha uso. "Weye ni wa serikali."

"Wa tume. Nakuletea kitu, unielezee kama unaijua. Pole juu ya kukuonyesha."

Akautoa ukurasa katika plastiki. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuushika wazi. Wino wa muhuri haukuwa mweusi kama kwenye fotokopi. Ulikuwa zambarau, mzito, umeenea kama juisi ya matunda kwenye kitambaa.

"Ni yenyewe," alisema Godelive. "Ile siku commandant aliisoma na sauti, pale unasimama. Alisema, Kambale, mawese, Mbau, unaona? Bwana yangu akasema, chef, hapana miye, sijue kusoma, sijafika Butembo tangu Pasaka. Commandant akasema gazeti inaweza kudanganya. Mais angalia cachet. Leta, serikali yenyewe, ilipiga cachet. Leta haiwezi kupiga cachet juu ya bongo, haiwezi kudanganya." Aligusa duara la zambarau kwa ncha ya kidole, mara moja. "Hapo bwana yangu alinyamaza. Yee aliheshimu sana Leta."

Ananie alitaka kuandika, na kalamu ikakataa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alidhani ni usukani wa pikipiki. Akautazama muhuri. Siku tisa alikuwa ameitazama fotokopi ya ukurasa huu na hakuutazama muhuri hata mara moja, kwa kuwa muhuri uko kwenye kila karatasi na haumwambii mtu kitu. Chini, katikati. Kila nakala.

Akaugeuza ukurasa nyuma, akauinua kuelekea jua.

Wino wa ronéo ni wa mafuta na hupenya karatasi. Wino wa muhuri ni wa maji, hukaa juu. Kwa nyuma zambarau ikawa kivuli tu, na ndani ya kivuli zikajitokeza herufi nyeusi, zimegeuka kinyume kama katika kioo: *si jina lake*, na *e* yake mbovu. Hakuna aliyechapa ukurasa mwingine, wala aliyefuta. Pembeni mwa duara kulikuwa na saini fupi, na *K* yenye mkia uliorudi nyuma kumkumbatia *A*. Mwenzake wa zamu hakuwa na *A* wala *K* katika jina lake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema mtu afanye nini akigundua kwamba nguo ni yeye mwenyewe.

"Unasoma nini?" Godelive aliuliza.

"Maneno tatu."

"Inasema nini?"

"Inasema hapana yee."

Lori la mbao lilipita likaacha vumbi. Godelive alingoja vumbi litue. "Ilikuwa paka pale, palepale? Ile siku?"

"Paka pale. Cachet iliifunika."

"Na nani alipiga cachet?"

Angeweza kusema kwamba uchunguzi bado unaendelea. Ni sentensi nzuri, aliisema mara nyingi. "Miye," alisema.

Mjane alichukua kitambaa akafuta meza, mahali palipokuwa safi tayari. "Wakati unapiga, uliangalia?"

"Hapana. Zilikuwa mia mbili na ine."

"Mia mbili na ine," alirudia. "Jina yako?"

"Ananie Kitsa."

Alilisema taratibu, vipande vipande, mara mbili, kama mtu asiyejua kuandika anavyojiwekea kitu. Kisha akapanga chupa tena.

Kwenye meza ya pili bido liliteleza. Mawese yalitiririka kwenye udongo mwekundu, na yule mwanamke hakuinama kuliinua. Alikuwa analia wazi.

"Inspecteur," alisema. "Miye Kaswera. Ile gazeti, ni miye—"

"Mama Kaswera," Ananie alimkata kwa sauti kubwa, hadi askari wa kizuizi wakainua vichwa. "Mawese yako inamwangika. Na leo sinunui, siko na chupa." Akamsogelea, akainua bido, akamwambia chini chini: "Sikusikia. Usiseme mbele ya mutu mwengine. Hata mbele ya huyu mujane, leo hapana."

Kiswahili hakina mke wala mume katika kitenzi. *Alisema* ni alisema. Jéthro alikuwa amechukua maneno ya mwanamke huyu na kuyavika suruali ya mtu asiyekuwepo, na suruali ikamkaa mtu aliyekuwepo. Ananie aliandika katika daftari: *Chanzo: hakikupatikana.* Mkono sasa uliandika, ingawa hakuusikia. Alipofika Beni, akiwa amesimama kwenye kivuli cha pampu ya mafuta, ndipo alipoanza kuogopa. Woga ulikuja wote kwa mara moja, na karibu aufurahie.

Jumamosi saa tatu asubuhi Maître Kasonia alisoma ripoti akiwa amesimama. Kurasa nne. Nje watu walikuwa wanaingia ukumbini, viti vinaburutwa. Alifika mwisho, akarudi ukurasa wa tatu, akauinua ule wa Mbau mbele ya dirisha kama ripoti ilivyomwelekeza. Akakaa.

"Hii inamutosha Jéthro mu kasho."

"Ndiyo. Alikosea, hakufika Mbau, mais alificha jina. Ni siye tulifunika ile maneno tatu."

"Siye? Umeandika *Ananie Kitsa*." Kasonia alivua miwani. "Unajua nani anakaa mu salle? Brigedi itasema: asante, basi mwenye aliua Kambale ni polisi na cachet yake, siye tulisoma tu. Utakaa pa kiti ya Jéthro mbele kiti haijapoa."

"Inawezekana."

"Sikiliza, ndugu yangu. Sheria ya magazeti yenye tume inaandika hapa, article ya ine, weye mwenyewe ulisaidia: mutu akiwa mu hatari, jina linabadilishwa. Ukweli wote unabaki, hata comma hatutoshi. Tunaandika tu karani fulani. Ama tunakupa jina ingine, yoyote ile, tuandike Kam—"

Akalisikia jina kinywani mwake, akavaa miwani tena. Ukumbini mtu alikuwa anakohoa.

Ananie aliuchukua ukurasa wa nne. Safari hii aliusikia mkono wake. Juu ya jina lake akachora nyota, kubwa, ya mistari mitano, isiyoweza kudhaniwa nzi. Kisha akashuka mpaka chini kabisa ya karatasi, katikati, akaandika taratibu, akihakikisha *e* ina tumbo wazi: *Ndilo jina lake.*

Kasonia alisoma. Alivuta kisanduku cha wino, akakandamiza humo muhuri wa tume mara mbili, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote ya ofisi, ukashuka wenyewe kuelekea chini, katikati.

Ananie akaushika juu ya kiwiko.

"Hapana pale, Maître," alisema. "Piga juu. Chini kuko maneno."